Hatua ya Kumi na Mbili

Wajukuu wangu wapendwa,

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu wengi wenu mmezaliwa Nairobi na Mombasa, na Kikamba chenu kinaishia kwenye salamu. Siwalaumu. Ila jambo hili nataka kila mmoja wenu alisome kwa macho yake, lisipitie mdomoni mwa mtu mwenye shamba la kurithi.

Nina miaka 84. Daktari amenieleza hali ya moyo wangu bila kuzungukazunguka, nami nimemshukuru. Nikifa, kamati ya mazishi itaketi chini ya mwembe na kuandika wasifu wangu. Wataandika kwamba nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka 34, kwamba nimekuwa mzee wa kanisa tangu 1979, kwamba nilisimamia ujenzi wa kanisa la mawe pale palipokuwa na la mabati. Yote ni kweli. Kisha mtu atasema nilikuwa mnyenyekevu, na watu wataitikia amina. Hapo ndipo nataka mmoja wenu, yeyote mwenye sauti, asimame asome barua hii.

Mkisimama kwenye baraza yangu mkatazama upande wa Sultan Hamud, mnaliona korongo linaloshuka kati ya shamba letu na la babu yenu mdogo. Mmelikuta, mkadhani Mungu aliliumba pamoja na vilima vya Kasikeu. Sivyo. Korongo lile nililichimba mimi, bila jembe.

Baba alitugawia mteremko ule kabla hajafa: mimi upande wa macheo, mdogo wangu upande wa machweo. Mpaka ulikuwa mstari wa mikonge kutoka juu hadi kwenye mto wa mchanga. Matuta yalikatiza mashamba yote mawili bila kukatika, kwa sababu mwethya uliyachimba kabla hatujagawiwa: kina mama na vijana wa kijiji kizima, kwa nyimbo, siku baada ya siku. Yale matuta tunayaita fanya juu. Unachimba mtaro, unatupa udongo upande wa juu, na mvua ikija maji yanasimama badala ya kukimbia. Mkulima wa Ukambani anaishi kwa maji yaliyosimama. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Miaka ya sabini serikali ilikuja kupima ardhi. Mdogo wangu alikuwa Mombasa, akibeba magunia bandarini, na fedha alizotuma ndizo zilizomtibu mama yetu. Mimi nilikuwa mwalimu hapa nyumbani, na kamati ya upimaji ilinifanya mwandishi wake kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Mwaka mmoja na nusu kabla ya wapimaji kufika nilikuwa nimepanda mstari mwingine wa mikonge ndani ya shamba lake, nikijiambia ni wa kuzuia mbuzi. Siku ya kupima, niliuonyesha ule mpya nikasema ndio mpaka wa baba. Wazee walinitazama. Waliujua mpaka wa baba kuliko mimi. Hakuna aliyesema neno, maana nani angembishia mwalimu aliyekuwa akiwaandikia na kuwasomea barua zao zote? Mfalme Ahabu alipolitaka shamba la Nabothi, mashahidi wawili wa uongo walihitajika. Kwangu ilitosha heshima yangu.

Daftari la mashamba lilipowekwa wazi, sheria ilitoa siku 60 za kuleta pingamizi. Katika siku hizo nilimwandikia mdogo wangu barua mbili. Nilimweleza habari za mbuzi, za mvua, za miguu ya mama kuvimba. Za daftari sikumweleza. Siku ya 61 nililala usingizi mzito, na jambo hilo linaniogopesha hadi leo. Mtu hufikiri dhamiri itamkosesha usingizi. Yangu ilininyamazia kabisa.

Mdogo wangu aliporudi kwa likizo ya Desemba akauona mstari mpya, aliita wazee. Ninyi wa mjini huenda hamkijui kithitu. Ni kiapo cha Wakamba, na anayekila kwa uongo huaminiwa kwamba kifo kitamfuata yeye na watu wa nyumba yake. Mdogo wangu alisema mbele ya wazee: mimi nitakula, na kaka ale. Nikasimama na Biblia mkononi. Nikasema mimi ni mtu aliyeokoka, siwezi kugusa mambo ya giza. Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Mmoja akaniita mtu wa Mungu. Mdogo wangu akaketi chini, asiseme tena, na baraza likaisha.

Angalieni jambo hilo vizuri, maana ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Sikusema uongo wowote siku ile. Kanisa letu lilikataza kithitu kweli, na mimi nilikuwa nimebatizwa kweli. Nilichukua amri ya kweli nikafunika nayo wizi. Mnapofundishwa habari za kiburi mnaonyeshwa tajiri anayepiga honi watu wampishe, au mwanasiasa anayeketishwa kwenye kochi kanisani. Hicho ni kiburi cha mtoto, kila mtu anakiona. Cha kwangu kilikuwa na sauti ya chini. Kilifunga siku ya Ijumaa. Kiliketi benchi la mbele, kikajua nyimbo zote bila kitabu.

Mwaka 1984 ilikuja njaa ambayo watu wetu waliiita Nikw'a Ngwete, yaani ninakufa nimeshika, kwa maana mtu alikuwa na pesa mkononi na chakula cha kununua hakipo. Shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, alikuwa na pesa za Mombasa na watoto watano. Mimi nilikuwa kwenye kamati ya kugawa mahindi ya njano ya msaada. Zamu yake ilipofika nilimpimia gorogoro mbili, kisha nikaongeza moja kutoka ghala langu, mbele ya watu. Alipiga magoti akapokea kwa mikono miwili. Ghala lile lilikuwa na mahindi yaliyoota kwenye ardhi yake. Nilipokea shukrani yake na kurudi nyumbani nikijiona mkarimu.

Na lingine, ambalo hata bibi yenu hakulipenda tangu siku lilipotokea. Tulikuwa na binti katika kwaya aliyepata mimba kabla ya ndoa. Sisi wazee tuliketi tukaamua asimame mbele ya kanisa aungame, kisha asishiriki Meza ya Bwana kwa muda. Mimi ndiye niliyemsomea uamuzi. Alisimama analia, amejifunga leso kiunoni. Jumapili ile ile mimi nilibeba sinia la mkate.

Mwajua kwamba nilipenda sana historia ya kanisa. Nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi hadi kilima cha Nzaui kuwaonyesha mahali ambapo Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission alianzia kazi mwaka 1895. Niliwasimulia jinsi kabla ya hapo alivyokuwa Kongo na ndugu yake John, na John alipokufa kwa homa akamzika kwa mikono yake mwenyewe. Na jinsi yeye naye alivyokufa Desemba 1896, mwaka mmoja tu baada ya kufika kwetu. Watoto walinyamaza kabisa. Nilikuwa nasimulia habari za mtu na ndugu yake, na sikumkumbuka wangu.

Niliwahubiria watu habari za Uamsho pia. Mwaka 1929 Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikutana kilimani Namirembe, Kampala, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja, na kutoka hapo na Gahini, Rwanda, jambo likaanza kuenea. Kufikia 1937 watu wa Uamsho walikuwa wamefika Kabete hapa Kenya. Watu hao walikuwa na desturi iliyowasumbua wachungaji wengi: hawakutubu kwa jumla. Walilitaja kosa kwa jina lake, wakaenda kwa aliyekosewa, na kilichoibwa wakakirudisha. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi, alikuwa bado kijana alipopanda baiskeli akaenda maili 50, kilomita 80 hivi, kumwomba msamaha Mwingereza aliyekuwa akimchukia moyoni. Huyo mzungu hakuwa hata akijua kwamba anachukiwa. Kivengere alisimulia pia siku aliyogombana na mkewe Mera kisha akatoka kwenda kuhubiri, na njiani akasikia moyoni kwamba anaweza kwenda tu, ila Roho atabaki nyumbani na mke. Ikabidi arudi kwanza. Mtu aliyejifunza kutubu jikoni kwake ndiye aliyeweza, mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa na yeye mwenyewe kukimbia Uganda, kuandika kitabu cha kumsamehe Idi Amin.

Ile baiskeli nimeihubiri mara nyingi, na watu walilia. Walitubu. Wengine walikwenda kupatana na majirani zao kwa sababu ya mahubiri yangu. Kutoka mlangoni kwangu hadi kwa mdogo wangu si mwendo wa robo saa kwa miguu.

Kisha ikaja mvua ya El Niño, mwishoni mwa 1997 hadi mwanzoni mwa 1998. Nimewaambia mkumbuke matuta. Tangu mikonge ihamishwe, mimi na mdogo wangu hatukuwa tukisema zaidi ya salamu. Kila mmoja alitengeneza matuta yake akaishia kwenye mpaka. Yale ya mwethya yaliyounganisha mashamba yalibomoka pale yalipokutana na mstari mpya, na hakuna aliyeyaziba, maana kuyaziba kungetulazimu kuongea. Kwa zaidi ya miaka ishirini maji yalipata njia nyembamba kando ya mikonge yangu, yakaipanua kidogo kidogo. Mvua ile ilipokuja haikuwa na huruma. Usiku mmoja tulisikia ngurumo ambayo haikutoka juu. Asubuhi sehemu kubwa ya mstari wa mikonge ilikuwa imemezwa, pamoja na ukanda wa shamba lake na ukanda wa langu, na udongo mwekundu wa baba yetu ulikuwa umekwenda mtoni.

Jumapili iliyofuata nilisimama kanisani. Nilitetemeka, na machozi yalikuwa ya kweli. Nikasema nimekuwa mwenye dhambi, nimekuwa na kiburi, kama kuna yeyote niliyemkosea anisamehe. Kanisa likalia nami. Mchungaji alinikumbatia. Wakaimba. Nikarudi nyumbani mwepesi kama mtu aliyetua mzigo.

Bibi yenu alinipa chai, akangoja nimalize kikombe. Kisha akasema: "Umewaomba msamaha watu ambao hukuwakosea. Na yule uliyemkosea hakuwa kanisani."

Nilikasirika. Nilimwambia haelewi mambo ya kiroho. Sikulala usiku ule, wa kwanza tangu ile siku ya 61, na kabla ya alfajiri nilikuwa nimeelewa kwamba toba yangu ya kanisani ilikuwa tuta lingine la kunizuia nisifike kwa mdogo wangu. Nilikuwa nimeungama mahali ambapo kuungama kunaleta heshima. Na nilikuwa nimeweka lile neno "kama". Ninyi mnalitumia sana kwenye simu zenu: samahani kama nilikukosea. Neno hilo linamtuma aliyeumia akatafute mwenyewe kidonda chake, akuonyeshe, halafu wewe uamue. Hata Zakayo aliposema ikiwa, alitaja hesabu.

Nilikwenda asubuhi. Nilimkuta anachonga mpini wa jembe. Sikuketi. Nilimwambia: niliziiba hatua kumi na moja za shamba lako, mwaka 1975. Niliwadanganya wapimaji, nikakuficha habari za siku 60, na niliposema siwezi kula kithitu kwa ajili ya Yesu nilikuwa naogopa kufa.

Aliendelea kuchonga. Kisha akasema: "Ni kumi na mbili."

Nikasema nilizihesabu mwenyewe. Akasema: "Wewe una miguu mirefu. Mimi nimezipiga kila nilipokuja likizo. Ni kumi na mbili."

Wajukuu wangu, nawaambia ukweli mbele za Mungu: nilitaka kubishana. Nilikuwa nimetoka kulia usiku kucha, nimekuja kutubu wizi wa miaka zaidi ya ishirini, na kitu ndani yangu kiliamka kikasimama wima kutetea hatua moja ya udongo. Nilifungua kinywa. Hapo ndipo nilipokiona kiburi changu uso kwa uso. Hakikuwa na Biblia mkononi sasa, hakikuwa na kiti cha mbele. Kilikuwa kitu kidogo, kikaidi, kisichoona aibu, na kilikuwa kimekuja nami hadi kwenye toba, kikitumaini kurudi na kipande.

Nikasema: "Kumi na mbili."

Akaweka mpini chini. Hakunikumbatia, sisi si watu wa kukumbatiana. Aliniuliza nani atang'oa mikonge iliyobaki. Tuliing'oa pamoja, wiki mbili, watu wawili wenye mvi, na miiba yake imeniachia alama hizi mnazoniuliza kila mara.

Shemeji yangu alikuwa mlangoni akisikia yote. Alisema jambo moja tu: "Nilikupigia magoti." Akaingia ndani. Sijui kama amenisamehe. Ananisalimu, na mgonjwa wangu akiwa hospitali huja. Sijamuuliza na sitamuuliza, kwa sababu msamaha wake si deni ninalomdai. Wengine wakishatubu huanza kuhesabu siku, wakishangaa mbona aliyekosewa bado amenuna. Nimewaona wengi. Mimi mwenyewe nilianza kuwa mmoja wao, hadi siku nilipotambua kwamba nilikuwa nataka tena anipigie magoti, safari hii kwa msamaha wake.

Yule binti wa kwaya nilimtafuta pia. Ilinichukua muda, alikuwa amehamia Athi River, na yule mtoto wa mimba ile alikuwa kijana mrefu anayesoma sekondari. Nilimweleza siku ile nilikuwa nani nilipomsomea uamuzi. Alinisikiliza kwa adabu, akanipa soda. Aliniambia hana neno nami, ila kanisani hajarudi tangu mwaka ule, kanisa lolote. Deni hilo sijui kulilipa. Nawaachia mkiwa mnalijua. Yeyote kati yenu atakayekuwa mzee wa kanisa, na wapo wanaoelekea huko, kabla hajamsimamisha mtoto wa mtu mbele ya watu, na atembee kwanza kwenye mipaka ya shamba lake.

Sasa nije kwenye wosia wenyewe.

Mwaka ule tuling'oa mikonge lakini hatukugusa karatasi. Mdogo wangu alisema achana na ofisi, sisi tunajua. Tulilima hivyo, tukaanza kuziba korongo kwa mawe na magunia ya mchanga, na tukawa tunakunywa chai pamoja Jumamosi. Alifariki 2009. Nilishika kamba ya jeneza lake. Baada ya hapo baba zenu wakaanza kunong'ona kwamba hatimiliki inasema ukanda ule ni wetu, kwamba mzee alizidiwa na hisia, kwamba ardhi karibu na barabara ya Mombasa imepanda bei. Mmoja wao, aliye bora kati yao, amekuja na maneno ya upatanishi: tuwape kumi na moja, kama nilivyopima mwenyewe kwanza.

Hapana. Mpimaji ameshakuja na ameweka alama kwenye kumi na mbili, kwa miguu ya mdogo wangu: mwanawe mkubwa ana kimo chake, ndiye aliyepiga hatua. Fomu za kukata kipande kile nimetia sahihi. Zimo kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda changu, pamoja na pesa za ada. Kinachobaki ni kibali cha bodi ya ardhi, kisha daftari la ofisi. Bodi huuliza kama watu wa nyumbani wamekubali. Nikiwa hai nitakwenda mwenyewe, hata kwa kubebwa. Nikiwa sipo, nawaomba mje ninyi, wote mlio na vitambulisho, mkae pale mbele, na mkiulizwa mseme mmekubali. Msiwaachie baba zenu. Nawapenda wanangu, lakini nimewalea wakati nilipokuwa yule mtu wa kwanza, na mengine waliyajifunza kwangu.

Korongo bado. Upande wa chini mawe yameanza kukamata udongo, na mwaka jana niliona kunde zimejiotea humo. Upande wa juu bado linakula. Mkija Desemba, kabla hamjapiga picha za kijijini, shukeni na binamu zenu mbebe mawe, siku mbili tatu. Tuta moja liungane kutoka kwetu hadi kwao kabla ya mvua za Machi. Waulizeni wao lianzie wapi.

Na mwembe wa pili kutoka juu, ule mnaoupenda, umesimama kwenye hatua ya kumi na mbili. Nimeona umetoa maua mengi mwaka huu. Msiuchume mpaka mmeomba kwa bibi yenu mdogo.

Umau wenu,
Kasikeu